Mkimbiaji na Mfupa wa Muundi

Mbio za hisani zimekuwa jambo la kawaida nchini mwetu. Watu hukimbia kilometa 5, 10, 21 au 42 ili kuchangisha fedha za matibabu, za madawati au za visima. Wengi wanaojiandikisha si wanariadha. Ni walimu, makarani, wakulima na wanafunzi, ambao nia yao iko tayari kabla ya miguu yao. Katika makala haya tutachunguza swali moja: kwa nini miguu huumia wakati pumzi bado inatosha, na mtu aliyeumia afanye nini ikiwa siku ya mbio inakaribia na watu wamekwisha kuahidi fedha kwa ajili yake?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Miaka michache iliyopita nilikuwa likizoni nyumbani, kata ya Kisaka, Wilaya ya Serengeti. Mimi na marafiki kadhaa tulikubaliana kukimbia ili kuchangia ujenzi wa bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari, ambako wanafunzi wengi hutembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Kila mkimbiaji alitafuta wafadhili wake, na kila mfadhili aliahidi kiasi fulani kwa kila kilometa. Kwa kujiamini kupita kiasi, niliahidi marathoni nzima, yaani kilometa 42 na mita 195. Nilikuwa na majuma 18 ya kujitayarisha.

Juma la kwanza nilikimbia kilometa 15. Juma la nne nilifika kilometa 45, nami nilijisifu kwamba pumzi haikunisumbua hata kidogo. Juma la tano nilianza kusikia maumivu upande wa ndani wa muundi wa kushoto. Nilikwenda duka la dawa, nikanunua vidonge vya kutuliza maumivu, nikaendelea kukimbia. Rafiki yangu mmoja alinitia moyo akasema, "Mwalimu, mkumbuke Akhwari!" Kufikia juma la saba muundi ulikuwa ukiniuma hata usiku kitandani. Yafaa niungame hapa kwamba shahada yangu ya udaktari niliipata ng'ambo kwa kuchunguza mifupa ya wanyama. Nilijua vizuri jinsi mfupa unavyofanya kazi, lakini sikufikiri kwamba elimu hiyo ilihusu mguu wangu mwenyewe.

MZIGO WA HATUA MOJA

Tuanze na hesabu. Mtu mwenye kilogramu 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Akisimama wima kwa miguu yote miwili, kila mguu hubeba nyutoni 300. Akikimbia, kuna kitambo kifupi ambapo miguu yote miwili iko hewani. Kisha mguu mmoja hutua na kuupokea mwili wote unaoshuka. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba wakati huo ardhi huusukuma mguu kwa kani iliyo mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Tukichukua mara 2.5, mkimbiaji wetu hupokea nyutoni 1,500 kwa kila hatua, sawa na uzito wa mifuko mitatu ya saruji ya kilogramu 50. Mzigo unaoufikia mfupa wenyewe ni mkubwa zaidi, kwa sababu misuli ya mguu nayo huuvuta na kuubana mfupa inapokaza.

Sasa tuhesabu hatua. Ikiwa kila hatua ni mita moja hivi, marathoni ina hatua zipatazo 42,000, yaani 21,000 kwa kila mguu. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayoweza kuvunja mfupa wenye afya. Hatari imo katika kurudiarudia. Chuma kinachopindwa kidogo mara nyingi hukatika, ingawa hakikatiki kikipindwa mara moja. Wahandisi huuita udhaifu huo uchovu wa chuma. Mfupa nao huchoka vivyo hivyo, na huanza kupata nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Jambo hili lilianza kuandikwa na matabibu wa majeshi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza habari za askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya safari ndefu za miguu, ingawa hawakuanguka wala kugongwa na kitu. Chanzo cha maumivu yao hakikuweza kuonekana mpaka baada ya mwaka 1895, mionzi ya eksirei ilipogunduliwa: mifupa ya nyayo zao ilikuwa na nyufa.

MFUPA NI KIUNGO HAI

Kama mfupa ungekuwa chuma tu, hakuna mkimbiaji ambaye angefika uzeeni na miguu mizima. Kinachotuokoa ni kwamba mfupa ni kiungo hai. Umejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huupa unyumbufu, na chumvi za kalsiamu na fosfati, ambazo huupa ugumu. Ndani yake hupita mishipa ya damu, na humo huishi seli za namna mbalimbali. Zimo seli ambazo kazi yake ni kubomoa sehemu zilizochakaa, na zimo nyingine ambazo kazi yake ni kujenga upya mahali palipobomolewa. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, alichapisha kanuni kwamba mfupa hujirekebisha kulingana na mzigo unaoubeba. Ukitumiwa zaidi huongezeka nguvu, usipotumiwa hupungua. Wanaanga wanaokaa angani, ambako miili yao haikanyagi chochote, hupoteza takribani asilimia 1 ya madini ya mifupa yao ya nyonga kila mwezi.

Lakini ukarabati huo una utaratibu ambao mkimbiaji hana budi kuufahamu. Fundi anayetaka kuziba ufa ukutani hukwangua kwanza udongo uliolegea, ndipo apige lipu mpya. Mfupa nao hufanya hivyo. Kazi ya kubomoa mahali pamoja huchukua majuma 3 hivi. Kazi ya kujenga hapo hapo huchukua miezi 3 hivi, na ujenzi mpya huendelea kukomaa kwa miezi mingine zaidi. Basi mtu anapoanza mazoezi kwa nguvu, majuma machache ya mwanzo mfupa wake huwa na vishimo vingi vilivyokwisha kukwanguliwa na bado havijajazwa. Kwa muda huo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi. Akizidi kuongeza mzigo wakati huo huo, nyufa ndogo huungana zikawa ufa mmoja. Mimi niliumia juma la tano, na sasa msomaji anaweza kuona kwamba haikuwa bahati mbaya.

SAA TATU KATIKA MWILI MMOJA

Kwa nini basi sikuonywa na uchovu? Kwa sababu viungo vya mwili haviendi kwa saa moja.

Saa ya kwanza ni ya damu na moyo. Katika juma moja au mawili ya mwanzo, maji ya damu huongezeka na moyo hupeleka damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Saa ya pili ni ya misuli. Baada ya majuma 4 hadi 6 misuli hutumia oksijeni kwa ufanisi zaidi, na mtu huhisi kwamba njia ile ile imekuwa fupi. Saa ya tatu ni ya mifupa na kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa. Saa hii huhesabu miezi, na katika mbio ndefu huhesabu miaka. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani kwetu Mara, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Alikuja kushinda marathoni ya Berlin mwaka 1987, na tena mwaka 1988, baada ya miguu yake kuzoea mbio kwa miaka mingi.

Mkimbiaji mgeni husikiliza pumzi yake, akidhani kwamba ikiwa inatosha, mwili wote uko tayari. Pumzi humruhusu kwenda kasi ambayo mifupa haijaikubali.

Baba yangu mdogo, ambaye amelima kwa ng'ombe maisha yake yote, alinieleza jambo hili bila kutumia neno lolote la kitaalamu. "Mwanangu," alisema, "maksai mpya hafungwi plau siku ya kwanza. Huzoeshwa nira kwanza, kisha huburuta gogo, ndipo plau. Na nira ikimchubua shingo, hulimi naye mpaka pakauke. Wewe ulijifunga plau siku ile ile."

KUYASOMA MAUMIVU

Si kila maumivu ni ufa. Msuli usiozoea kazi huuma siku moja au mbili baada ya mazoezi, kisha hupoa wenyewe. Maumivu ya kano, mathalani ile ya kisigino, aghalabu huwa makali asubuhi mtu anapoamka, hupungua akitembea, na hurudi baadaye. Kano iliyoumia kidogo huweza kuendelea kufanya kazi nyepesi, mradi maumivu yawe madogo na yawe yamekwisha kufikia asubuhi ya pili.

Muundi unahitaji uangalifu zaidi. Maumivu yakienea kwenye ukingo wa ndani wa mfupa kwa urefu wa sentimeta 5 au zaidi, yumkini ni utando wa mfupa na sehemu zilizoushikilia ndizo zilizochokozwa. Lakini kuna dalili ambazo zinatia shaka ya ufa, na mwalimu wa michezo anapaswa kuzijua:

(a) Maumivu yako mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole.
(b) Yanazidi kadiri mtu anavyoendelea kukimbia, badala ya kupungua.
(c) Yanakuja hata wakati wa kutembea, au usiku wakati wa kupumzika.

Dalili hizo zikionekana, mtu aache kukimbia na amwone daktari. Maumivu ya ndani ya kinena kwa mkimbiaji yasisubiri hata siku moja, kwa kuwa ufa katika shingo ya mfupa wa paja huweza kuleta ulemavu. Hali kadhalika, msichana anayefanya mazoezi makali na akakosa siku zake za mwezi kwa miezi mitatu mfululizo anahitaji kuonwa na daktari. Mara nyingi ni alama kwamba chakula anachokula hakilingani na kazi anayoifanya, na mwili unaokosa nguvu ya kutosha hupunguza kwanza ukarabati wa mifupa.

Picha ya eksirei isimdanganye mtu. Katika majuma 2 au 3 ya mwanzo ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani. Picha yangu ya kwanza haikuonyesha kitu, nami nilitaka kurudi mbioni siku iliyofuata. Daktari aliniuliza tu, "Picha ndiyo inayouma, au mguu?" Alinikataza kukimbia. Picha ya pili, iliyopigwa baada ya majuma 3, ilionyesha mfupa mpya ukiota kuzunguka mahali pale, kama kovu.

Vidonge navyo vinahitaji neno. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu lakini haziungi mfupa. Mkimbiaji anayezimeza ili aendelee huzima kengele na kuuacha moto. Tena, katika mbio ndefu, mwili unapopungukiwa na maji, dawa hizo huweza kudhuru figo. Kuhusu kuchua kwa mafuta, desturi ambayo imeenea kwetu, misuli iliyokaza huweza kupata nafuu; lakini ufa wa mfupa hauungi kwa kuchuliwa, na kuukandamiza kwa nguvu ni kuuongezea mzigo.

MAZOEZI YA MTU ALIYEUMIA

Je, aliyeumia alale kitandani? La. Tumeona kwamba mfupa usiobeba kitu hupungua. Anachohitaji ni mzigo ulio chini ya kiwango cha maumivu, na muda. Ufa wa kawaida wa muundi huhitaji takribani majuma 6 hadi 8 kabla ya kuanza tena kukimbia, na wakati mwingine zaidi.

Majuma 6 sikukimbia hata hatua moja. Nilitembea kwa kiasi ambacho hakikuniuma, na baada ya juma la pili daktari aliniruhusu kupanda baiskeli kwenye njia tambarare. Baiskeli huufanyisha moyo kazi bila kuupiga muundi chini. Nilikula vyakula vyetu vya kawaida kwa utaratibu: ugali, maharage, maziwa, na dagaa wa ziwani, ambao kwa kuliwa pamoja na mifupa yao hutupa kalsiamu nyingi kwa bei ndogo. Usingizi nao haukusahauliwa, kwa maana ukarabati mwingi hufanyika mtu akiwa amelala.

Nilipoweza kutembea nusu saa kila siku kwa juma zima bila maumivu, nilianza kukimbia dakika moja na kutembea dakika nne, nikirudia mara 6, siku moja baada ya nyingine, si kila siku. Kila juma niliongeza dakika moja ya kukimbia na kupunguza moja ya kutembea. Maumivu yakija, nilirudi hatua moja nyuma. Wengi husema mazoezi yasiongezwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa juma. Huo ni mwongozo mzuri wa kuzuia pupa, lakini si sheria ya maumbile. Kipimo cha kweli ni mguu wenyewe asubuhi ya siku ya pili.

Juma la kumi na saba ilikuwa dhahiri kwamba marathoni haiwezekani. Niliwaandikia wote walioniahidi fedha, nikawaambia kwamba nitakwenda kilometa 10 tu, kwa kukimbia na kutembea. Kuandika barua zile kulikuwa kugumu kuliko mazoezi yote. Wachache walipunguza ahadi zao, nao walikuwa na haki. Wengi waliziacha kama zilivyokuwa. Bweni halikukamilika mwaka ule. Kuta zilifika kwenye linta. Lakini mwaka uliofuata nilikuwa na mguu mzima wa kukimbilia kilometa 21, na ahadi zikafuata.

FUNZO LA MEXICO

Sasa turudi kwa Akhwari, maana jina lake hutajwa kila mara mtu anapotaka kumhimiza mwenzake aliyeumia. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki katika Jiji la Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Jiji hilo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabla ya kufika nusu ya njia alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Alifungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza likiwa limekwisha kuingia, zaidi ya saa moja baadaye, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, naye akiwa wa mwisho. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza mbio tu, bali kuzimaliza.

Heshima aliyoipata ni haki yake. Lakini tuangalie vizuri ni jambo gani alilolifanya. Jeraha lake lilitokea siku ya mashindano, katika mbio ambazo pengine asingezirudia tena maishani. Alifanya uamuzi wa siku moja, naye alijua gharama yake. Mtu anayekimbia juu ya mfupa wenye ufa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa majuma saba, hafanyi alichokifanya Akhwari. Anaibomoa nyumba ambayo mafundi wake bado wako kazini.

Tena, habari ya Akhwari haikuishia Mexico, ingawa ndiko wengi wanakoikatizia. Mwezi Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Baina ya giza la Mexico na siku ile ya Edinburgh ipo miezi 21. Goti lililofungwa bandeji halikuwa tayari siku iliyofuata. Yule anayemtaja Akhwari ili kumhimiza aliyeumia na amtaje pia Akhwari wa Edinburgh.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya kwa vitu vinavyopatikana dukani. Kata vipande 6 vya waya mwembamba wa kufungia nondo, kila kimoja sentimeta 15. Wanafunzi wapinde vipande 3 huku na huku kwa pembe ya nyuzi 90, wakihesabu mipindo mpaka kila kimoja kikatike. Vipande 3 vingine wavipinde kwa nyuzi 45, mahali pale pale. Waandike hesabu katika jedwali, watafute wastani wa kila kundi, kisha wajibu maswali haya:

1. Kupunguza pembe kumebadilije idadi ya mipindo?
2. Ukikipumzisha kipande cha waya usiku kucha kabla ya kuendelea kukipinda, je, kitadumu zaidi? Jaribu.
3. Kipande cha mfupa ulio hai kingefanya nini usiku huo ambacho waya hauwezi kukifanya?

Mwanafunzi atakayelijibu swali la tatu kwa ukamilifu atakuwa ameelewa kwa nini siku ya mapumziko ni sehemu ya mazoezi.